Mazungumzo ya Mwenyekiti Kuhusu Mfuko wa Rotary na Maji ya Zahanati Yetu



 Mwaka 2015 tulikuwa wanawake 23 chini ya mwembe, na sanduku lenye kufuli tatu ambalo wanaume wengine walilicheka. Leo tupo 58. Wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki, na tunaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka.

Ahsanteni, tukae.

Historia ya kikundi katibu ameiandika vizuri katika kijitabu hiki, na hesabu atazisoma mweka hazina baada yetu. Sisi hatutaki kuwachosha kwa kurudia. Tunataka tuzungumze jambo moja tu, kwa sababu Jumamosi ijayo tunalipigia kura, na baadhi yetu tumeanza kunyimana salamu kwa ajili ya jambo hilo. Ni suala la maji ya zahanati, na wageni hawa, na huo mfuko wao.

Hali ya zahanati yetu kila mtu hapa anaijua, lakini wageni wengine hawaijui, basi tuwaeleze. Mwanamke akishikwa na uchungu, pamoja na kanga na wembe na glavu, nyumbani huandaliwa ndoo mbili za maji. Mama mkwe au wifi anajitwisha ndoo moja, nyingine inafungwa kwenye baiskeli. Kama ni usiku, ndoo zile ndizo zinazochelewesha safari. Akifika pale, ndoo moja ni ya kumwogea na kumsafishia mtoto, na nyingine ni ya kusafisha kitanda ili aingie mwenzake. Kiangazi cha mwezi wa pili, kisima cha bondeni kinapotoa tope, kuna waliokuja na ndoo moja. Muuguzi wetu ni mtu mwema, jamani, lakini ananawa mikono kwa kikombe. Hatusemi haya kumshitaki mtu. Tunasema kwa sababu waliozaa pale ni sisi, na wanaozaa sasa ni mabinti zetu.

Wageni hawa walikuja mara ya kwanza mwaka jana, wakakaa kwenye mkutano wetu wa kawaida tangu mwanzo mpaka mwisho, tukakusanya hisa mbele yao. Wakatuambia wanaweza kuomba fedha kwenye mfuko wao wa hisani, ambao kwa Kiingereza unaitwa The Rotary Foundation, zichimbe kisima kirefu, ziweke pampu ya mwanga wa jua, tangi, na bomba mpaka chumba cha kujifungulia. Sisi tulifikiri watatuuliza, "Mnataka?" Kumbe swali lao lilikuwa lingine. Walituuliza, "Pampu ikiharibika mwaka wa nne, nani ataitengeneza, na kwa hela ipi?" Hatukuwa na jibu. Tukaomba muda, na muda wenyewe ndio huu.

Kwanza tuwajue hawa ni watu gani. Mmoja wetu ana binti yuko chuo, ametusaidia kusoma, na wageni wenyewe wametueleza, na mengine tuliwabana maswali mpaka wakacheka.

Rotary ilianza mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Mwanasheria mmoja aitwaye Paul Harris aliwaita wenzake watatu: mmoja alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mmoja mhandisi wa mambo ya migodi, mmoja fundi cherehani mwenye duka lake. Jina lao maana yake ni kuzunguka, kwa sababu mwanzoni walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Akina mama, hamkumbuki sisi mwaka wetu wa kwanza? Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye nyumba anapika chai. Na kazi yao ya kwanza kubwa kwa ajili ya mji mnajua ilikuwa nini? Vyoo. Mwaka 1907 walianza kuhangaikia vyoo vya umma mjini Chicago. Kwa hiyo mtu asione haya kuzungumza habari za ndoo na kitanda cha kujifungulia mbele ya wageni hawa, wao walianzia chooni.

Sasa huo mfuko. Mwaka 1917, kwenye mkutano wao mkuu mjini Atlanta, aliyekuwa rais wao, Arch Klumph, alipendekeza wawe na akiba ya pamoja kwa ajili ya kutenda mema duniani. Huyu bwana alianza kazi kijana mdogo, mtumwa wa ofisini katika kampuni ya mbao, mpaka akaja kuimiliki kampuni ile. Unaweza kudhani siku ile matajiri wale walimwaga fedha. Hapana! Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City, dola 26 na senti 50. Waliendelea hivyo hivyo, kidogo kidogo, na mwaka 1928, walipoupa mfuko jina lake rasmi, ulikuwa umevuka dola 5,000 tu. Miaka kumi na moja hiyo. Mwaka 1930 ndipo walipotoa msaada wa kwanza, dola 500, kwa chama cha kusaidia watoto walemavu. Tuliposomewa habari hizi, bibi mmoja wa kikundi chetu, mnamjua, yule asiyecheka ovyo, alisema, "Kumbe na wao walikuwa na sanduku." Ndiyo, walikuwa na sanduku. Paul Harris alipofariki mwaka 1947, wanachama wakaanza kuchanga kwa wingi kama rambirambi, na hapo ndipo mfuko ulipoinuka hasa. Mwaka ule ule walisomesha vijana 18 nje ya nchi zao.

Kazi yao inayojulikana kuliko zote ni ya polio. Wale wa umri wetu tunaikumbuka polio. Kila kijiji kilikuwa na mtoto anayetambaa kwa mikono, wenzake wanakwenda shule yeye anabaki mlangoni. Mwaka 1979 walianza na chanjo kwa watoto wa Ufilipino, na mwaka 1985 wakatangaza kwamba wanataka kuiondoa polio duniani kote. Walijiwekea lengo la kuchanga dola milioni 120, na kufikia mwaka 1988 walikuwa na dola milioni 247. Mwaka huo wa 1988 polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo wamefanya kazi pamoja na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na serikali za nchi. Miaka ya tisini mlipowapeleka watoto kudondoshewa matone mdomoni na kupakwa wino kidoleni, sehemu ya fedha za kazi ile duniani zilikuwa michango ya watu kama hawa. Hapa Tanzania mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana mwaka 1996. Tarehe 25 Agosti 2020 bara zima la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena kirusi cha asili cha polio.

Lakini tuseme yote. Mwaka 2022 kirusi kile kilionekana Malawi, kwa majirani zetu, kimetoka mbali, na kisha Msumbiji. Mwaka 2023 mkoani Rukwa alithibitishwa mtoto mwenye polio ya ile aina nyingine, inayotokea pale watoto wengi wanapokosa chanjo. Kwa hiyo wale akina mama wanaojificha wahudumu wa chanjo wakipita, mtusamehe, lakini hapo hatuko pamoja. Hilo halimo katika ajenda ya leo, limetutoka tu.

Kuna jambo jingine tuliwauliza wageni bila kumung'unya: "Hii klabu yenu ina wanawake?" Maana aliyekuja kuzungumza nasi mara ya kwanza alikuwa mama. Akatueleza kwamba kwa miaka mingi sana wanawake hawakuruhusiwa. Klabu moja ya California, inaitwa Duarte, iliingiza wanawake watatu mwaka 1977, na klabu yenyewe ikafukuzwa kwa kosa hilo. Wakashitakiana mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na tarehe 4 Mei 1987 klabu ile ikashinda. Mwaka 1989 ndipo Rotary yenyewe ikafuta sharti la wanaume peke yao. Hesabuni: toka 1905 mpaka 1989 ni miaka 84. Na mwanamke wa kwanza kuwa rais wao wa dunia, Jennifer Jones wa Canada, aliingia mwaka 2022. Sisi tulipoanza na sanduku letu tuliambiwa wanawake hawawezi fedha. Waungwana hawa wenye elimu zao walichelewa hivyo, basi waume zetu tuwasamehe kidogo. Kidogo tu.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye maneno.

Watu wengine wanadhani mfuko huu ni ndoo ya hela iliyowekwa wazi, anayewahi anachota. Sivyo. Mwanachama wa Rotary akichangia ule mchango wa kila mwaka, hela yake haitumiki mara moja. Inawekwa katika vitega uchumi kwa miaka mitatu, na faida yake inasaidia kulipia gharama za uendeshaji. Ikiisha miaka mitatu, karibu nusu inarudi kwenye wilaya waliyotoka wachangiaji, na hapa msichanganye, wilaya ya Rotary si ile ya Mkuu wa Wilaya, ni eneo lao kubwa lenye klabu nyingi. Karibu nusu nyingine inaingia mfuko wa dunia. Wakiomba mradi mkubwa, wilaya inatoa sehemu yake, na mfuko wa dunia unaongezea. Basi hela itakayochimba kisima chetu, kama kitachimbwa, kuna mtu aliitoa miaka mitatu iliyopita, hajui hata kata yetu iko wapi. Sisi tunaona mgawo wa miezi kumi na miwili ni mbali!

Halafu wana masharti, na tuliyaandika ili tusije kusema hatukuambiwa. Mradi mkubwa lazima uombwe na klabu mbili, moja ya nchi hii na nyingine ya nje. Lazima uwe wa dola 30,000 au zaidi kwa jumla, ndiyo maana zahanati yetu peke yake huenda isitoshe, na wageni wanafikiria kuiunganisha na zahanati mbili za jirani. Lazima kwanza wakae na wananchi waulize shida yenu nini, wasije na jibu mfukoni. Hawanunui ardhi. Hawampi anayesaidiwa hela mkononi akatumie apendavyo. Mwanachama wa Rotary, mkewe au mumewe, watoto wake, hawaruhusiwi kunufaika na fedha ile. Akaunti ya mradi inakaa peke yake, na wenye kutia saini hawapungui wawili. Na taarifa inaandikwa kila mwaka mpaka mradi ufungwe.

Tulipofika hapo mweka hazina wetu alitabasamu. Sahihi zaidi ya moja, hesabu mbele ya watu, kiongozi hajipi mkopo mwenyewe: hayo ni ya kwetu, ndiyo yaliyotufikisha miaka kumi. Kikundi tunachokijua cha kata nyingine kilikuwa na funguo tatu zote kwa mtu mmoja. Hakikufika mwaka wa tatu.

Kuna sharti moja tunaomba mlisikilize kwa masikio yote mawili. Mfuko wa Rotary haukubali mnufaika atozwe mchango ili apewe msaada. Mwaka juzi alipita hapa mtu mwenye tai na mkoba, akisema anaandikisha vikundi kupata fedha za wafadhili wa kimataifa, ada ya fomu sh. 10,000 kila mwanachama. Sisi tulimwomba barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, akasema ameiacha kwenye gari, akaenda kuichukua mpaka leo. Lakini wenzetu wa kijiji cha pili walilipa. Kuna mjane alilipa kwa kuuza kuku wake wote. Kwa hiyo akija mtu yeyote akitaja Rotary au jina lolote kubwa, halafu anadai ada, mpelekeni kwa mtendaji.

Basi mtauliza, kama hawachukui hela yetu, mwenyekiti anazungumzia kura ya nini? Ni ile hela ya kutunza. Kisima kikishachimbwa ni chetu.

Wote mnalijua bomba la mkono lililo njia ya shule. Lililetwa na wafadhili, hatutawataja, walikuwa na nia njema. Siku ya kulizindua tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mwaka wa tatu raba ya ndani ikaisha. Raba, jamani! Fundi alisema kitu hicho hakizidi bei ya kuku wawili, pamoja na nauli ya kukifuata mjini. Lakini nani atoe? Mwenyekiti wa kijiji alisema bomba ni la wafadhili, wafadhili walishaondoka, wananchi wakasema bomba ni la serikali. Sasa hivi linafungiwa mbuzi. Mnalipita kila siku mkienda kwenye kile kisima cha tope. Sisi tunaamini swali la wageni hawa limetokana na mabomba ya namna hiyo waliyoyaona huko na huko, na hatukuliona kuwa ni dharau.

Hapa ndipo tulipogawanyika, na tunataka kusema hoja za kila upande kwa haki, kwa sababu wote ni wenzetu.

Wapo wanaosema mfuko wetu wa jamii uliwekwa kwa misiba na magonjwa, usiguswe. Wana haki. Mfuko ule una sh. 3,800,000 leo, na mwaka wa korona tuliona jinsi unavyoweza kuisha. Mtu aliyezikiwa mume wake kwa hela ile hawezi kukubali inunue betri na nyaya.

Wapo wanaosema maji ni kazi ya serikali. Nao hawakukosea. Tulikwenda ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, tukapokelewa vizuri. Walitueleza kwamba kisima hakichimbwi kienyeji, kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na maji lazima yapimwe kabla watu hawajanywa, maana ukanda huu wa Tanga kuna mahali unachimba unakuta chumvi. Walisema pia kwamba hata miradi ya serikali vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumiaji maji wenyewe, na watumiaji wanalipia. Kwa hiyo serikali ipo na itashiriki, lakini nayo itatuuliza lile lile swali la raba.

Wapo wanaosema, na hawa ndio wengi kuliko wanavyojionyesha, kwamba miaka kumi tumejinyima, tugawane kitu, tununue kitenge cha sare, tule pilau. Hivi nani hapendi kitenge? Mtu amelima, ameuza machungwa kwa bei ya kutupa kwa walanguzi wa barabarani, ameweka hisa kila wiki kwa miaka kumi, anataka aone kitu mwilini mwake. Hatutaki mtu amwite mwenzake mbinafsi kwa hilo. Yametamkwa maneno hayo wiki iliyopita kisimani, na sisi uongozi hatukuyapenda.

Na kuna sauti moja ya chini, ya wale wanaoona haya kupokea. Walisema, hawa ni watu wa hotelini, wanakula chakula cha mchana pamoja kisha wanatoa kinachobaki, sisi tutakuwa watu wa kupigwa picha na ndoo. Tuliwaambia wageni maneno haya usoni kwao, kwa adabu. Yule mama alinyamaza kidogo, akasema picha zitapigwa kama mtakubali, na msipokubali hazitapigwa, na mkisema mradi huu hamuutaki tutarudi mjini bila kinyongo. Jibu hilo lilituridhisha. Na sisi tuongeze letu. Chakula cha hotelini hatukijui, lakini tunaijua hela ya dola 26 na nusu, kwa sababu tuliianza hivyo hivyo na sisi, kwa hisa ya sh. 1,000.

Sasa mapendekezo ya uongozi. Tulikaa vikao vinne, kimoja mpaka saa tatu usiku, mume wa katibu akaja kumfuata na tochi.

Mfuko wa jamii tunapendekeza usiguswe hata shilingi. Ubaki wa misiba, magonjwa na moto. Katika hili wale wenzetu wa kwanza wameshinda, hatuna ubishi nao.

Badala yake tufungue mfuko mwingine mdogo, wenye daftari lake na mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku, wa matengenezo ya maji ya zahanati. Kila mwanachama atoe sh. 500 kila mkutano, kwa mwaka mmoja. Tupo 58, kwa hiyo ni sh. 29,000 kwa wiki. Tukihesabu wiki 50, kwa kuacha sikukuu, ni sh. 1,450,000. Hela hiyo iwekwe benki kwa jina la kamati ya maji, watie saini watu watatu: mmoja wetu, mmoja wa kamati ya zahanati, mmoja wa serikali ya kijiji. Isitumike kwa kitu kingine chochote, hata kama ni kitu kizuri. Mwaka ukiisha tukae tuone kama inatosha au tuendelee, na tuwaombe na wanaume wa kijiji hiki nao waingize mkono, maana na wao walizaliwa.

Asiyeweza sh. 500, na tunajua wapo, kuna wakati wa njaa kabla ya mavuno, atafanya zamu ya usafi kwenye tangi na mifereji. Jina lake litaandikwa kwenye daftari sawa na aliyetoa hela. Hili tunalisisitiza.

Na endapo vipimo vitaonyesha maji ya chini yana chumvi, wageni wamesema mpango unaweza kubadilishwa kuwa mabati, mifereji ya bati na matangi makubwa ya kuvunia mvua za masika na vuli. Hayatatosha mwaka mzima, tusidanganyane, lakini chumba cha kujifungulia kinaweza kupewa haki ya kwanza, na wengine tuendelee na kisima chetu cha bondeni wakati wa kiangazi. Matangi nayo yanapasuka, mifereji inaziba, koki zinaibiwa. Hela ya matengenezo itahitajika vile vile.

Je, tukikubali sisi, fedha ni lazima zije? Hapana, na wageni wametuomba tulitamke wazi. Maombi yataandikwa, klabu ya nje itatafutwa, mfuko utayapitia, na unaweza kukataa. Inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Ikitokea wamekataa, ile sh. 1,450,000 itakuwa ipo benki, na pendekezo letu ni kwamba tununue tangi moja na mabati ya upande mmoja wa paa la zahanati, tuanze na hilo. Na wanaopinga hata hili wana nafasi ya kusema Jumamosi, kila mtu dakika tano, katibu atashika saa.

Sare je? Tumeuliza bei ya kitenge kwa jumla dukani. Tukinunua doti kwa ajili ya wote, kwa hela ya faini tulizotozana mwaka huu kwa kuchelewa mikutanoni, inapungua kidogo tu, na tofauti ile kila mtu anaweza kuimalizia. Kwa hiyo waliochelewa sana mwaka huu tunawashukuru, wametuvisha. Pilau ipo leo, mnasikia harufu.

Kura ya Jumamosi itakuwa ya siri. Wapo wenzetu wasiosoma, kwa hiyo hatutumii karatasi. Kila mtu atapewa punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unaingia chumba cha darasa peke yako, unatumbukiza moja kwenye chungu kilichofunikwa, nyingine unaiweka kwenye kikapu cha pembeni kilichofunikwa vile vile. Mjumbe wa serikali ya kijiji atahesabu mbele ya wote. Ikipatikana theluthi mbili tunaanza kuchanga wiki inayofuata. Isipopatikana, barua ya kuwashukuru wageni imeshaandikwa rasimu, na hakuna atakayesemwa. Mje na vitabu vyenu vya hisa, mfike saa nane kamili, si saa nane ya kwetu.

Tunawashukuru wageni kwa kutusikiliza tukiwazungumzia mbele ya macho yao. Sasa tumpishe mweka hazina asome hesabu za miaka kumi, na wale walio nyuma wanaopiga soga wasogee mbele, nafasi ipo.